Nitajie Tarehe Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa ukuta. Wenzangu wamepewa kompyuta mpya, mimi nimepewa ukuta, ubao mweupe wa kutundika hapo na kalamu nne za rangi. Bosi ametangaza mbele ya ofisi nzima kwamba kuanzia leo mimi ndiye nitakayesema kazi itaisha lini. "Huyu ndiye macho yetu," akasema. Mama Kasoro, ambaye kazi yake ni kuzijaribu programu zetu na kuzirudisha zikiwa na makosa, akaninong'oneza, "Hongera, mwanangu. Jicho ndilo huingia vumbi kwanza."

Programu yenyewe ni ya mabohari. Mwenye mabohari anataka ashike simu yake ajue kipi kimeingia, kipi kimetoka na kipi kimeliwa na panya. Tumeigawa kazi katika kadi, kila kadi kipande kimoja, na kadi ikimalizika inahamishiwa upande wa kulia wa ubao.

Mvua imeanza. Dari linavuja palepale juu ya meza yangu. Lingevuja wapi kwingine?

Ijumaa, 7 Machi

Chati yangu hata mtoto ataisoma. Mstari wa juu ni paa: kazi yote tuliyoahidi. Mstari wa chini ni ngazi: kazi iliyokwisha. Kila Ijumaa nahesabu kadi zilizomalizika na kuipandisha ngazi. Ngazi ikigusa paa, tumemaliza.

Nimemwonyesha mume wangu, ambaye ni mwashi. "Na mwenye nyumba akiongeza chumba?" Nikamwambia basi paa linapanda. Akacheka. "Sisi hapo ndipo tunapozima simu."

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Kadi tatu.

Ijumaa, 14 Machi

Kila asubuhi tunasimama duara, na kila mtu anasema mambo matatu: jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, kipi kinanizuia. Tunasimama ili tuseme kwa ufupi. Bosi anashika saa kama mwamuzi wa mpira.

Anayetumaliza ni Konokono. Jina hilo nimempa mimi na limemganda. Hata Bosi siku hizi halikumbuki jina lake jingine. Ni mtunga programu mrefu, mwenye mabega ya kuomba radhi, na anaandika taratibu mpaka unatamani umsukume kiti. Leo zamu yake ilipofika akasema, "Jana niliendelea na kadi ya kupokea mzigo. Leo naendelea nayo. Kinachonizuia, baba yangu ni mgonjwa."

Bosi akasema, "Hapa tunataja vizuizi vya kazi, bwana, si vya ukoo."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na Bosi.

Baadaye akaenda kuomba ruhusa, mlango ukiwa wazi, tukasikia yote. Baba yake anaumwa mapafu. Daktari amesema huenda akayamaliza masika, huenda asiyamalize. Kwao ni safari ya siku mbili kwa basi, na zaidi njia ikiharibika. Bosi akajibu kwa sauti ya kugawa zawadi: "Nani amekukatalia? Siku ngazi ya dada itakapogusa paa, unachukua mwezi mzima. Umuuguze mzee mpaka yeye ndiye akuchoke."

Nilidhani anatafuta likizo. Kila mtu ana baba.

Ijumaa, 21 Machi

Ngazi imepanda kidogo. Meza yangu nimeihamisha, dari limenifuata.

Ijumaa, 28 Machi

Leo nilitoa utabiri wa kwanza. Niliuandaa wiki nzima na nilijivunia. Nilichora mistari miwili kutoka pale ngazi ilipofikia: mmoja unapanda kwa mwendo wa wiki yetu bora, mwingine kwa mwendo wa wiki yetu mbovu. Wa kwanza unagusa paa katikati ya Mei, wa pili mwisho wa Julai. Nikasema wazi: tutamaliza mahali fulani kati ya hapo na hapo, na kila wiki ikipita nafasi hiyo itapungua.

Bosi aliitazama chati kwa muda mrefu. "Huu ni mwavuli," akasema.

Watu wakacheka.

"Mimi sikuomba mwavuli, dada. Nikamwambie mteja nini? Kwamba programu yake inakuja kati ya leo na kiama? Nitajie tarehe moja."

"Bosi, tarehe moja itakuwa uongo."

"Ahadi ni deni. Uongo ni pale usipolipa." Kisha, akipanga karatasi zake kana kwamba haongei na mtu: "Na mwaka huu natafuta mkuu wa mipango. Mtu wa kutaja tarehe na kusimama nayo."

Nimekaa kwenye kiti hikihiki miaka mingi. Nilichukua kitambaa nikaufuta mstari wa wiki mbovu, nikauacha wa wiki bora. Nikaandika kwa wino mwekundu: 16 MEI. Bosi akapiga makofi, wengine wakamfuata. Mama Kasoro alikuwa anafuta miwani yake.

Walipotawanyika Konokono alibaki ubaoni. "Dada, hii kumi na sita ni ya kweli?"

"Si unaiona imeandikwa?"

Akatoka ukumbini na simu. Nilimsikia. "Kumi na sita mwezi wa tano, baba. Ndiyo. Ndiyo, nimeiona kwa macho yangu. Siku mbili za njiani, kumi na tisa niko hapo."

Nilijiambia kwamba inaweza kutokea. Wiki zote zinaweza kuwa bora.

Jumatano, 2 Aprili

Umeme ulikatika asubuhi mpaka alasiri. Kadi hakuna.

Ijumaa, 4 Aprili

Kadi mbili. Bosi hakunisalimu.

Ijumaa, 11 Aprili

Wiki mbovu kuliko ile mbovu. Ngazi imelala chali. Mwenye mabohari kaongeza mambo mawili, anataka na picha za mizigo, na kwa haki paa lilipaswa kupanda. Nilishika kalamu nilipandishe, Bosi akanishika mkono. Kweli, alinishika mkono.

"Paa liache hapo lilipo," akasema. "Kinachotakiwa kupanda ni ngazi."

Ndipo akatoa dawa yake. Kadi ni kubwa mno, ndiyo maana haziishi. Zivunjwe. Kadi ya kupokea mzigo iwe kadi ya kufungua ukurasa, kadi ya kuandika jina la mzigo, kadi ya uzito, kadi ya kitufe cha kuhifadhi. Kila kipande kikiisha, nahesabu kimoja.

"Na paa?" nikauliza. "Kama kadi zimeongezeka, paa nalo linapanda."

"Paa ni ahadi yetu kwa mteja. Ahadi haipandi."

Yaani ngazi nahesabu kwa vipande na paa kwa kadi nzima. Niliona. Nataka iandikwe hapa kwamba niliona siku ileile, nikiwa nimesimama, nimekula na nina akili zangu timamu.

Mama Kasoro naye aliona. Tulikutana kwenye birika la chai. "Mmechambua chungwa moja mkasema mnayo machungwa kumi," akasema.

"Kwani wewe umeombwa kula?"

"Nitaombwa, mwanangu. Mwisho wa yote naletewa mimi nionje."

Nilimchukia mchana kutwa.

Ijumaa, 18 Aprili

Ngazi imeruka kama mbuzi.

Ijumaa, 25 Aprili

Imeruka tena. Bosi ameleta soda ofisi nzima na ananiita Mkuu, kwa utani, lakini mbele za watu. Mstari unaelekea 16 Mei wima kabisa. Nimenunua viatu.

Konokono pekee ndiye aliyekataa mwanzoni kuvunja kadi zake. "Nikizivunja hivi zitapoteza viungo," alisema kwenye duara. "Ukurasa utakuwepo, kitufe kitakuwepo, lakini ukibonyeza hakuna kinachokwenda bohari. Kazi ya kuviunganisha imeandikwa kwenye kadi gani?"

Bosi akamgeukia taratibu. "Wewe si ndiye unayetaka kwenda kwa baba yako?"

Konokono akanitazama mimi. Sijui alitaka niseme nini. Kesho yake alizivunja zote, moja moja, kwa mwandiko wake mzuri.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua ya mawe. Konokono amekata tiketi ya basi ya tarehe kumi na saba. Amenionyesha kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka. Anasema baba yake sasa anakula uji na anauliza kila siku tarehe ngapi.

Nimegundua kitu ambacho sikupenda kukigundua: katika masika yote haya, Mama Kasoro hajawahi kumrudishia Konokono kadi hata moja. Wale wepesi ndio hurudishiwa. Nilimpa jina la ovyo mtu pekee aliyekuwa anamaliza kitu anapokimaliza.

Ijumaa, 9 Mei

Ngazi imebakiza kidole kimoja. Bosi amewaalika watu wa mabohari waje 16.

Jumatatu, 12 Mei

Leo vipande vyote vilikusanywa na kupelekwa kwa Mama Kasoro. Alikaa navyo tangu asubuhi, hakuinuka hata kunywa maji. Saa tisa akaniita mezani kwake, akafungua ukurasa, akaandika "mchele", akaandika uzito, akabonyeza kitufe. Kitufe kikageuka kijani. "Umeona kilivyo kizuri?" akasema. Kisha akafungua bohari. Tupu. Akarudia sukari. Tupu. Akajaribu kutoa mzigo ambao haujawahi kuingia, programu ikamruhusu, ikamshukuru.

"Vipande vimekwisha," akasema. "Nyama ipo, mifupa ipo, mishipa hakuna. Kamwambie bwana mkubwa."

"Mwambie wewe."

"Mimi nasema kilichoharibika. Kitakwisha lini, hiyo ni kazi yako."

Nilirudi kwenye meza yangu nikapiga hesabu ya kweli kwenye karatasi: paa na ngazi kwa kipimo kimoja, na zile picha za mizigo, na viungo vyote. Mwendo mzuri, mwisho wa Juni. Mwendo mbaya, katikati ya Agosti. Ule ule mwavuli, ila mkubwa zaidi. Nilimpelekea Bosi. Aliusoma, akaukunja mara nne, akautia mfukoni.

"Hii umemwonyesha nani?"

"Hakuna."

"Vizuri sana, Mkuu."

Ijumaa, 16 Mei

Watu wa mabohari hawakuja. Bosi aliwapigia akasema barabara imejaa maji. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Konokono alikuja na begi. Alisimama kwenye duara begi likiwa miguuni, amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi. Zamu yake ilipofika hakutaja kadi. Akasema, "Leo ni kumi na sita."

"Tunajua kalenda," akasema Bosi. "Ngazi imegusa paa?"

"Chati inasema imegusa."

Na kweli ilikuwa imegusa. Niliigusisha mimi mwenyewe jana, kwa amri, kwa wino wa bluu.

"Programu inafanya kazi?"

"Haifanyi."

"Basi haijagusa." Bosi akatabasamu, akatutazama mmoja mmoja tutabasamu naye. "Wewe si ndiye mtaalamu wa viungo? Ulisema mwenyewe viungo havipo. Sasa viunge, halafu nenda. Wiki moja tu. Mgonjwa aliyesubiri tangu Machi anashindwa wiki moja?"

Konokono akasema kwamba tiketi ni ya kesho. Bosi akasema kampuni itamnunulia nyingine, ya kiti cha mbele. Konokono akasema kwamba anaomba. Alilisema neno hilo mara mbili, mbele ya watu wazima tisa. Bosi akasema kwa upole kwamba mlango haujafungwa, anayetaka kuondoka aondoke, lakini akivuka kizingiti asihangaike kurudi. Na dawa za mzee, akauliza, zinanunuliwa na nani?

Mama Kasoro alifungua mdomo, Bosi akamwambia, "Wewe mkataba wako unaisha Juni, sivyo?" Akaufunga. Nami nilikuwa na viatu vyangu vipya, natazama ncha zake.

Konokono aliliingiza begi chini ya meza kwa mguu, akawasha kompyuta.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imepungua. Ndiyo siku ambayo angekuwa kwao.

Jioni alikuja mezani kwangu. Macho yamemwiva, amekesha na viungo siku tatu. Akaongea taratibu, kama kawaida yake. "Dada, Bosi anasema Ijumaa. Mimi sitaki ya Bosi, nataka yako. Wewe ndiye unayehesabu. Niambie kweli tu, hata kama ni mbaya. Kama ni mbali, nitaondoka leo, kazi ife."

Aliniambia wazi kwamba angeondoka. Nikiandika tena niliyojibu nitaona aibu ileile, lakini basi: Bosi alikuwa amesimama mlangoni kwake, anamimina chai, hatutazami. Barua ya ukuu wa mipango iliahidiwa mwisho wa mwezi.

"Ijumaa," nikamwambia. "Ijumaa utakuwa umemaliza."

Akanishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.

Jumatano, 21 Mei

Tulikuwa kwenye duara. Simu yake ililia kabla ya zamu yake, akatoka. Alirudi haraka kuliko mtu anavyorudi kutoka kwenye simu ndefu, akasimama pale pale alipokuwa. Sisi tuliendelea, maana Bosi alikuwa anashika saa. Yule wa kushoto kwake akamaliza. Zamu ikamfikia.

"Jana nilimaliza kuunganisha kupokea mzigo na bohari," akasema. "Mama Kasoro ameijaribu, inafanya kazi. Leo nakwenda kumzika baba." Akafikiri kidogo, kwa sababu kuna jambo la tatu. "Kizuizi sina."

Akaenda ubaoni, akaichukua kadi yake, akaihamishia upande wa kulia. Akaibandika vizuri, akaisawazisha kwa kidole gumba. Kisha akavuta begi chini ya meza.

Mama Kasoro alimfuata mpaka getini akilia kwa sauti bila kujali. Bosi alisema pole, nadhani. Alimsubiri apotelee kwenye ngazi za nje, akatugeukia. "Mnaona? Mwenzenu na msiba juu, amemaliza kadi. Hakuna lisilowezekana. Anayefuata?"

Aliyefuata nilikuwa mimi. Nilisema jana nilisasisha chati, leo nitasasisha chati, kizuizi sina.

Ijumaa, 30 Mei

Jua. Barua nimepata. Mkuu wa Mipango, na meza isiyovujiwa.

Mwenye mabohari alikuja mwenyewe leo, mama mchangamfu, viatu vimejaa tope. Bosi akamwomba radhi dakika nzima kwa kuchelewa tarehe. Yule mama akashangaa. "Tarehe ipi? Mimi nilisema kabla ya kuhesabu mali, na mali nahesabu mwezi wa kumi. Hiyo Mei niliisikia kwenu. Nikajisemea, hawa vijana wana haraka, acha niwaache na haraka yao."

Bosi alicheka. Alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa, 6 Juni

Mchana simu yangu iliita, namba ya Konokono. Nilitaka niiache iite. Alikuwa mwanamke: dada yake. Anataka kujua kompyuta ya kampuni airudishe kwa njia gani, maana kaka yake harudi kazini, na amemwambia ampigie Dada Chati, ni mtu mzuri, atamwelekeza.

Nikamwelekeza. Nikampa pole. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kulia, sasa anafanya kazi zilizobaki. Hakunilaumu. Alianza kueleza tu, kama watu wanavyoeleza msiba kwa kila anayeuliza na asiyeuliza.

Mwisho wa Aprili daktari aliwaita wanandugu, akawaambia kama kuna mtoto wa mbali aitwe sasa. Walikuwa tayari wamemwandikia ujumbe, bado kuutuma tu. Mzee ndiye aliyewazuia. Alisema mtoto ana tarehe yake, amepewa na ofisi, ameiona kwa macho. "Msimharibie kazi kwa siku chache hizi. Nitamsubiri. Mkimwambia nimezidiwa, nitajua mmenivunjia heshima." Wakafuta ujumbe. Tangu kumi na tisa alitaka kukalishwa kitandani, mto mgongoni, aelekee mlangoni. Alikaa hivyo hadi Jumatano alfajiri.

"Laiti tungekuwa hatujui lini," dada yake akasema, "tungemwita siku ileile. Nani angesubiri?"

Kisha, nadhani kwa adabu tu, kwa kuwa simu inahitaji kuisha kwa jambo la kawaida, akaniuliza, "Na hiyo kazi yenyewe imeisha?"

"Bado."

"Itaisha lini sasa?"

Nami nikajibu kwa mazoea, kama mtaalamu, bila kufikiri: "Kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Agosti."

Nilisikia sufuria zinaoshwa huko kwao, na mtu anamwita.

"Kumbe mnaweza kusema hivyo," akasema, na akakata simu.